Chupa Zenye Mwandiko Wake

Kwa maelezo ya Mama Redio, mambo yalikwenda hivi. Jana, saa kumi na moja jioni, akiwa amekaa kwenye kibanda chake cha kalamu na karatasi karibu na geti la chuo, alisikia kishindo kimoja kizito, kishindo cha kumtoa mtu roho. Akasimama. Akaona watu wa makoti meupe wakimiminika nje ya jengo la kemia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Nyuma yao wakatoka wanaume wanne, wamebeba kitu juu ya ubao, kimefunikwa shuka jeupe mwanzo hadi mwisho. Hata kidole hakikuonekana.

Na hicho kitu kilikuwa nini? Hapo Mama Redio alitua ndoo yake chini, akasogea bombani, akashusha sauti.

"Yule kijana wako mrefu," alisema. "Yule mliyekuwa mkimwita Shaba. Alirudi jana. Nilimwona kwa macho yangu haya akiingia, hata akanipungia mkono. Kutoka kwa miguu yake, sikumwona."

Binti aliyekuwa akisikiliza alisahau kilichomleta bombani. Maji yalijaa kwenye ndoo yake, yakafurika, yakaanza kumlowesha miguu, naye ameshika bomba tu kama mtu aliyeshikilia ukuta asianguke. Mama Redio ndiye aliyefunga maji.

Pale chuoni, ambako jana hakwenda kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kupumzika, binti huyu alijulikana kama Dada wa Vyombo. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, neli na vikombe vya vioo vya maabara inayoshughulika na madini na chumvi zake. Darasa la saba lilikuwa limemtosha, au tuseme ndilo lililopatikana. Lakini katika maabara ile, chupa iliyopita mikononi mwake haikuwahi kuharibu jaribio la mtu. Wote walijua hivyo. Aliyelisema kwa mdomo alikuwa mmoja tu, huyo Shaba, aliyepewa jina hilo kwa sababu alishinda na chumvi za shaba mpaka kucha zake zikawa na rangi ya samawati. Yeye hakumwita Dada wa Vyombo. Alimwita Fundi.

Mama wa binti alikuwa mlangoni mwa nyumba yao, ameyasikia yote.

"Maneno ya yule, gawanya kwa kumi," alisema. "Kinachobaki, kigawanye tena."

"Ndiyo, mama."

"Mbona unavaa viatu?"

"Nakwenda kazini."

"Saa moja bado. Kazini kwako saa mbili." Mama aliingia ndani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama anavyohangaika na kamba za viatu. "Miaka miwili tangu aondoke, mwanangu. Nilidhani yamekwisha, kumbe yalikuwa yamelala. Umesahau mama wa kijana huyo alisimama hapa hapa na mkoba wake, akakataa kuketi, akasema hakumsomesha mwanawe madini ili aje kuoa sinki?"

"Sijasahau."

"Basi tulia. Kama amekufa, wa kwao watamlilia. Kama yu hai, wa kwao watamwoza. Wewe kote huna kiti."

Binti alifunga kamba ya pili. Ilimponyoka mara mbili, naye hakupenda mikono imsaliti, maana mikono ndiyo ilikuwa mali yake. Alimwambia mama yake kwamba chai iko jikoni, akatoka.

Njia nzima alikwenda kwa hatua za mtu anayekimbia bila kutaka kuonekana anakimbia. Kichwani mwake lile shuka jeupe lilikuwa likipita na kurudi. Alijaribu kumkumbuka Shaba akiwa mzima, amesimama pembeni ya sinki, anasuuza chupa yake mwenyewe mara ya tatu, huku akimweleza jinsi chembe za bluu zinavyokua polepole ndani ya neli, na kwamba ukizikimbiza zinakuja mbovu, ukizingoja zinakuja nzuri. "Ni kama watu, Fundi," alimwambia siku moja, kisha akaona haya, akafunga maji na kuondoka huku chupa ameisahau. Alijaribu kukumbuka hayo, lakini kila alipofika kwenye uso, shuka lilifunika.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa mizaha, na leo alimkuta ameketi nje ya kibanda chake kana kwamba kibanda kina nyoka.

"Nani amekufa?" binti aliuliza kabla ya salamu.

"Nani amekwambia kuna aliyekufa?"

"Yule waliyembeba kwenye shuka."

Mlinzi akamtazama, kisha akacheka kidogo. Akasema ile ilikuwa mizani. Profesa alikataa kutoka bila mizani yake, ile inayopima hata pumzi ya mbu, akasema watu watatembea wenyewe ila mizani haina miguu. Ndiyo wakaifunika shuka isiingie vumbi. Na kile kishindo? Mlango wa chuma wa dharura, haujawahi kufunguliwa tangu jengo lijengwe. Walipousukuma ukagonga ukuta.

Binti aliketi kwenye jiwe la geti. Yu hai basi. Yu hai, na yuko ndani ya uzio huu huu.

"Sasa mmetolewa nje kwa nini?"

"Chupa," mlinzi alisema, na mzaha ukamtoka usoni. "Kuna chupa humo ndani inataka kulipuka. Ya mtu wa zamani. Wameleta mpaka watu wa mabomu."

Binti aliinuka kwenye jiwe, akaelekea jengo la kemia.

Kwenye uwanja wa magari walikuwa wamefunga utepe mwekundu, na watu wa maabara wamesimama nyuma yake vikundi vikundi. Alimwona Shaba kabla hajaonwa. Alikuwa amekonda. Ndevu ambazo zamani hakuwa nazo zilimfanya aonekane kama kaka mkubwa wa yule aliyeondoka. Alikuwa amesimama mbele ya Profesa, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha akageuza kichwa, macho yao yakakutana. Hakutabasamu. Alimtazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma barua fupi, halafu akarudisha macho kwa Profesa, haraka, kama aliyegusa kitu cha moto.

Mwanafunzi mmoja wa sasa, dada mwembamba waliyemwita Miwani, ndiye aliyeipata chupa. Alikuwa akieleza kwa mara ya kumi, na sauti ilikuwa bado haijatulia. Jana adhuhuri alikuwa akitafuta kizibo kwenye rafu iliyo juu ya sinki, nyuma kabisa, akaiona. Chupa ya kahawia, maandishi ya Shaba, jina la Shaba; ndipo Profesa akamwita Shaba aje. Ndani yake etha, dawa ya majimaji inayoshika moto upesi. Walikuwa wakiitumia enzi hizo kukuzia zile chembe za shaba. Ikiwa mpya, haina neno, alisema Miwani, ila usiisogeze karibu na moto. Lakini ikikaa, mwaka, miaka miwili, inavuta hewa, inaanza kuota chembe nyeupe shingoni, kwenye nyuzi za kizibo. Na zile chembe hazihitaji moto. Ukizungusha kizibo, ukazikwaruza tu, imekwisha.

"Imekwisha nini?" mlinzi aliuliza.

"Mkono. Au uso. Inategemea umeinama kiasi gani."

Dada wa Vyombo alitazama kidole gumba chake. Chembe nyeupe shingoni. Alikuwa anazijua. Yeye alidhani ni chumvi, au vumbi la chokaa kutoka kwenye dari. Ijumaa iliyopita alilowesha ncha ya kitambaa, akajaribu kuzisugua kwa kidole gumba. Zilikataa kutoka. Akasema moyoni, nitarudi wiki ijayo na sabuni ya nguvu.

Ijumaa hiyo, na Ijumaa kabla ya hiyo, na zote nyuma yake. Miaka miwili alikuwa akiipangusa.

Maana yeye ndiye aliyeiweka. Siku Shaba anahama, taratibu za maabara ni kwamba anayeondoka husafisha rafu yake, na picha yake huhamishwa ukutani kutoka upande wa waliopo kwenda upande wa waliopita. Shaba alimkabidhi chupa mbili za mwisho azipeleke kwa watu wa kumwaga dawa, kisha akatoka mbio maana gari lilikuwa likimsubiri, na mama yake yumo garini. Azipeleke, akazipeleka wapi? Alizitazama zile herufi zake zilizolala upande mmoja, akaona hana kitu kingine chochote cha yule mtu duniani. Akazificha.

Mbele yake Profesa alikuwa akiuliza, taratibu, kwa ile sauti yake ya kupima. Alimkumbusha Shaba kwamba siku ya kuondoka aliweka sahihi kuwa rafu yake ni tupu. Shaba akasema ndiyo, aliweka. Profesa akamuuliza kama aliwahi kuzipeleka mwenyewe kumwagwa. Shaba akasema kosa ni lake, asitafutwe mwingine.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza kamanda wa watu wa mabomu, mwanamume mfupi mwenye mvi, ambaye muda wote alikuwa akitafuna kijiti.

"Mbili."

"Rafu yote tumeitazama. Iko moja. Kwa hiyo nyingine ilimwagwa. Ni sawa?"

"Nadhani ilimwagwa," alisema Shaba.

Kamanda akawageukia vijana wake. Akawapangia kazi: waingize sanduku la mchanga la kuibebea chupa, na ili lipite, walivute nje lile kabati la chuma la chini ya sinki, wafunge mnyororo walivute kwa nguvu, liko karibu na mlango, halina kitu.

Hapo ndipo dunia ya Dada wa Vyombo ilipobaki na kitu kimoja tu. Ndani ya kabati hilo, nyuma ya majiko mabovu, ndimo ilimokuwa chupa ya pili. Na Shaba alikuwa ameshaanza kuvaa koti zito ili aingie na vijana kuwaonyesha chupa yake ya kwanza ilipo.

Alitaka kusema, ulimi ukawa mzito kama umetiwa risasi. Akisema, kazi imekwenda. Akisema, watu wote hawa watajua. Aliona kijana mmoja akinyanyua mnyororo, pete zake zikagongana, na ule mlio ukamsukuma mbele.

"Haikumwagwa," alisema. "Ipo."

Sauti ilitoka ndogo. Ilibidi arudie.

"Ipo wapi?" kamanda aliuliza.

"Kwenye hilo kabati mnalotaka kulivuta."

Mnyororo ukawekwa chini, polepole sana. Watu wote waligeuka kumtazama. Profesa alimsogelea, akavua miwani yake kama anayetaka kumwona bila kioo katikati.

"Nani aliiweka huko?"

"Mimi, Profesa. Zote mbili niliziweka mimi. Yeye aliniambia nizimwage."

"Kwa nini hukuzimwaga?"

Alitazama chini. Lami ilikuwa na doa la mafuta lenye rangi nyingi.

"Ile ya kwenye kabati ina karatasi."

"Karatasi gani?"

"Aliniandikia."

Profesa alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungojea vitu vikauke. Ikambidi binti aisome kwa kichwa, mbele ya wote, maneno ambayo alikuwa hajawahi kuyatamka hata peke yake chumbani: "Fundi, hizi mbili zimwage leo. Asante kwa mikono yako."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani, kisha akaacha mwenyewe.

"Hayo ni maelekezo ya taka," alisema Profesa, na safari hii sauti haikuwa kali.

"Najua, Profesa. Sijawahi kuandikiwa na mtu mwingine."

Shaba alikuwa amesimama na koti zito limevaliwa mkono mmoja. Hakulimalizia wala hakulivua. Alimtazama binti, na uso wake ulikuwa umeanguka kama wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa miaka miwili iliyopita.

Kamanda hakuwa na muda wa hayo. Alitaka kujua kabati linafunguka vipi. Mlango wake unakwama, alielezwa. Ukiuvuta hauji, ukiuvuta zaidi unaruka ghafla na kabati zima linatikisika. Kulikata? Litatetemeka. Kulipua humo humo? Profesa akatikisa kichwa. Upande wa pili wa ukuta kuna mitungi ya gesi, itaondoka na jengo na labda na geti. Kwa hiyo mlango ufunguliwe, na ufunguliwe kimya.

"Na wewe umekuwa ukiufungua vipi?" kamanda alimuuliza.

"Unaunyanyua kwanza. Unaubeba kama mtoto aliyelala. Ukisikia umekuwa mwepesi, ndipo unavuta."

Nyuma ya jengo lilikuwepo kabati lingine, pacha wa lile, lililotupwa zamani kwa ugonjwa huo huo. Wakalileta uwanjani, wakaweka ndani yake glasi ya maji iliyojaa hadi ukingoni. Kijana wa kwanza wa kamanda akajaribu. Mlango ukaruka, paa, maji yakamwagika nusu. Watu wakashtuka kana kwamba ndilo lenyewe. Wa pili akaunyanyua sana, ukagonga juu. Kamanda naye akajaribu, akatema kijiti chake, akajaribu tena. Maji.

Shaba akasema ajaribu yeye. Alipiga goti, akaushika kwa vile vidole ambavyo binti aliwahi kuviona vikichukua chembe moja ya bluu kwa kibano bila kuivunja. Aliunyanyua. Alivuta. Paa. Akajaza glasi tena mwenyewe, akarudia, mara ya pili, ya tatu, mpaka mikono ya shati lake ikalowa, na kila mlio ulipopiga binti aliusikia ndani ya mbavu zake, akimwona yeye ndiye yuko kule ndani, ameinama, uso wake ukiwa karibu.

"Nipishe," alisema.

Alipiga goti alipokuwa amepiga yeye. Akafungua. Maji hayakuchezacheza hata kidogo. Akafunga, akafungua tena, ili kamanda aone vizuri.

Kamanda aliitazama ile glasi iliyojaa. Kisha akampangia: ataingia naye, ngao itakuwa mbele yao wote wawili, atanyoosha mikono tu, atafungua, atarudi kinyumenyume hatua kumi na mbili, basi. Chupa itashikwa na wengine. Akamuuliza kama ana mtoto. Hana. Ana mzazi? Mama. Akamuuliza kama anakubali kwa hiari yake, kwa sababu hakuna mtu pale mwenye haki ya kumlazimisha. Binti akasema ameufungua mlango huo mara mia bila kuulizwa. Miwani alianza kulia kimya kimya, huku akimsaidia kufunga vifungo vya lile koti.

Koti lilikuwa zito kama gunia la mchele. Glavu alizikataa, akasema hatausikia mlango. Wakati wanatafuta kofia yenye kioo inayomtosha kichwa, Shaba alimjia, akasimama upande wa pili wa utepe.

"Jana nilipofika," alisema, "kabla sijauliza chupa iko wapi, nilimuuliza mlinzi kama bado upo."

"Hakuniambia."

"Nilimwomba asikwambie. Nilikuwa naona haya. Miaka miwili nakaa chini niandike barua, naandika jina lako, nakwama hapo hapo."

"Ungeandika hata ya taka," alisema binti. "Ningeiweka."

Shaba aliangalia mikono mitupu ya binti iliyotokeza kwenye yale mavazi makubwa. Ilikuwa imechubuka kwa sabuni, kucha fupi, na alama ya kukatwa na kioo kwenye kidole cha shahada. Akaishika. Hakuwahi kuishika. Miaka yote ile ya kusimama pamoja sinkini maji yaligusa mikono ya wote wawili, wao wenyewe hawakugusana.

"Mama yangu nitamkabili," alisema. "Nilipaswa kumkabili siku ile garini. Wako nitakuja kumpigia magoti, anifukuze, nirudi tena kesho yake. Yote hayo nitayafanya. Lakini hili, Fundi, nisikilize. Usiingie. Waache wabebe mitungi mmoja mmoja, hata wiki nzima, waache jengo liende, majengo hujengwa. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Usiingie."

Vidole vya Shaba vilikuwa baridi kuliko vya binti. Binti alisikia mapigo ya moyo wa mtu yakipita kwenye kidole gumba, hakujua ni ya nani. Alitamani asimame hapo hapo mpaka jua lizame, akiombwa. Nyuma ya bega la Shaba aliwaona vijana watatu wa kamanda wameketi kwenye ukingo wa lami, mmoja hata ndevu hazijaota vizuri, wanamsubiri yeye aamue kama wataingia na mikono yake au na mnyororo.

Kamanda alimvalisha kofia, akashusha kioo. Pumzi yake mwenyewe ikakitia ukungu, na uso wa Shaba ukawa mweupe, hauna macho wala mdomo, ila bado aliisikia sauti ikirudia lile neno moja, chini, taratibu, kama mtu anayemsihi mtoto ashuke juu ya ukuta.

Alitoa mikono yake katikati ya mikono ile, akainyoosha mbele, akaikunja na kuikunjua mpaka vidole vikapata joto. Kamanda aliinua ngao. Mtu mmoja akaushika ule mlango wa chuma wa dharura, akaunyanyua kwa nguvu zake zote usipige kelele, na upande wa ndani korido ikaonekana, ndefu, taa zake zote zinawaka, haina mtu.